Mota ya skrepa kuwa jenereta ya upepo: usiangalie wati, angalia mizunguko kwa kila volti

Mpepo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kila linapozuka suala la umeme wa upepo wa kujitengenezea, swali huwa lilelile: "Nina mota ya wati 500, itanipa umeme kiasi gani?" Na majibu yanayofuata ni makisio matupu. Nimefungua uzi huu tulizungumze kwa hesabu, kwa sababu inaniuma kuona watu wenye mikono mizuri wanakata tamaa na kusema upepo hauna kitu, kumbe upepo ulikuwepo ila mota haikuwa yake.

Msimamo wangu nauweka mapema. Wati zilizoandikwa kwenye kibao cha mota karibu hazikusaidii. Kinachoamua ni mizunguko mingapi kwa dakika (RPM) inatakiwa ili mota itoe volti moja. Ukilishika hilo, utasimama mbele ya lundo la vyuma chakavu ukijua ipi ya kubeba na ipi ya kuiacha hapohapo.

Kwanza upepo wenyewe. Nguvu iliyomo kwenye upepo ni nusu ya uzito wa hewa (kilo 1.225 kwa mita ya ujazo), mara eneo linalofagiwa na mapanga, mara kasi ya upepo ikizidishwa yenyewe mara tatu. Hapo kwenye "mara tatu" ndipo mambo yote yalipo. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inaongezeka mara nane. Tuchukue mapanga yenye kipenyo cha mita 1.5. Upepo wa 4 m/s (mita kwa sekunde) unabeba takriban wati 69 kwenye eneo hilo. Ukifika 8 m/s zinakuwa kama 554. Mjerumani Albert Betz alionyesha mwaka 1919 kwamba hakuna panga linaloweza kuchota zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu hiyo, hata liwe zuri vipi. Sisi wa gereji tukipata robo yake hadi kwenye betri tumefanya kazi nzuri. Kwa hiyo kwenye 4 m/s tegemea wati 17 hivi, na kwenye 8 m/s kama 139.

Sasa kasi ya mapanga. Mapanga matatu yaliyochongwa vizuri hupenda ncha zake zikimbie mara sita hivi ya kasi ya upepo. Kipenyo cha mita 1.5 kwenye upepo wa 4 m/s kinakupa takriban RPM 305. Hiyo ndiyo kasi uliyonayo siku ya kawaida. Sio 3000, sio 1500. Ni mia tatu na kitu. Mota yako inatakiwa iwe imeshafika volti za kuchaji kwenye kasi hiyo, yaani kama volti 13.5 kwa betri ya volti 12, ukihesabu na ile volti moja kasorobo inayoliwa na dayodi.

Chukua kibao cha mota, gawa RPM kwa volti. Mota ya mashine ya kukimbilia mazoezini iliyoandikwa 180 V na RPM 4000 inakupa 22 kwa kila volti. Zidisha kwa 13.5, unapata RPM 300. Imeingia! Mota ya pikipiki ndogo ya umeme iliyoandikwa 24 V na RPM 2650 inakupa 110 kwa volti. Zidisha kwa 13.5, unataka RPM 1490. Kwa mapanga yaleyale, huo ni upepo wa zaidi ya 19 m/s, ambao kwenye kipimo cha Beaufort (cha nguvu ya upepo) ni daraja la 8. Siku hiyo hutakuwa unawaza kuchaji betri, utakuwa unawaza paa.

Kipimo changu ni hiki: chini ya 25 kwa volti, beba. Kati ya 25 na 40, fikiria betri, mapanga na upepo wa eneo lako kwanza. Juu ya hapo, iache iendelee kuwa mota.

Angalizo: kibao kinaeleza mota ikiwa kazini, na sehemu ya volti hizo hupotea kwenye waya wa ndani. Kwa hiyo ikigeuzwa jenereta itatoa pungufu kidogo ya hesabu. Ukweli wote unaupata kwa kuifunga shafti kwenye drili yenye kasi inayojulikana na kusoma volti kwa mita.

Karibuni tuchangie.

Shafti

Mkuu somo zuri. Ila mimi sijaelewa kitu cha msingi kabisa. Mota inakula umeme. Inakuwaje ianze kuutoa bila kubadilishwa chochote ndani?

Mpepo

Swali zuri sana mkuu, na wala sio wewe wa kwanza kushangaa. Waya ukipita kwenye sumaku, umeme unazaliwa ndani yake. Mwanasayansi Mwingereza Faraday alilionyesha hilo mwaka 1831. Mota yenye sumaku ya kudumu ina vyote viwili tayari, sumaku na koili. Haijali nani anazungusha. Ukiipa umeme inazunguka, ukiizungusha inatoa umeme. Kwenye maonyesho ya Vienna mwaka 1873, mashine ya mvumbuzi Mbelgiji Gramme iliyojengwa kuzalisha umeme iliunganishwa na nyingine iliyokuwa ikizalisha, nayo ikaanza kuzunguka kama mota. Tangu hapo watu wa viwanda wakaelewa kwamba ni mashine moja yenye njia mbili.

Neno la kushika hapo ni *sumaku ya kudumu*. Mota za blenda, drili za umeme na mashine nyingi za kufulia za zamani zenye brashi (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka) hazina sumaku. Zina koili ndani na koili nje. Ukizizungusha kwa mkono hazitoi kitu. Jaribio lake halihitaji hata mita: shika shafti uizungushe ikiwa waya mbili ziko huru, kisha zigusanishe waya hizo na uzungushe tena. Yenye sumaku utaijua papo hapo, shafti inakuwa nzito kana kwamba imezama kwenye lami. Ukiziachanisha inakuwa nyepesi tena. Isiyo na sumaku haibadiliki.

Kwa mota za waya tatu, gusanisha zote tatu.

Umeme_Mdogo

Mimi nina hoja tofauti. Kwa nini mnahangaika na mota za kuokota wakati alteneta za gari zimejaa kila gereji? Ile imezaliwa kuchaji betri ya volti 12. Ina rekitifaya ndani (ya kugeuza umeme wa kwenda na kurudi kuwa wa upande mmoja), ina regyuleta ndani (ya kudhibiti volti). Unafunga mapanga, basi.

Koili36

Mkuu Umeme_Mdogo, kila mtu huanza na wazo hilo na nalielewa linatoka wapi. Tatizo ni mawili.

La kwanza ni kasi. Kwenye gari alteneta huzunguka mara mbili hadi tatu ya kasi ya injini. Injini ikinguruma tu bila gari kutembea iko kwenye 700 au 800, kwa hiyo alteneta iko 1500 na zaidi. Mapanga yako yako 300.

La pili ndilo linaloua kabisa. Alteneta haina sumaku ya kudumu, ina koili inayolishwa na betri ili igeuke sumaku. Koili hiyo ikinyonya ampea 3, hizo ni wati 36 zinatoka kwenye betri kabla hujapata hata moja. Rudi kwenye hesabu ya Mpepo hapo juu: kwenye upepo wa 4 m/s mapanga yanatoa wati 17. Maana yake kwenye siku ya kawaida alteneta itakuwa inamaliza betri huku mapanga yanazunguka vizuri na majirani wanasifia.

Wapo wanaoiwaindi upya kwa waya mwembamba wenye mizunguko mingi na kuweka sumaku ndani ya rota (sehemu inayozunguka). Inawezekana, ila ukifika hapo umeshajenga mashine mpya.

Umeme_Mdogo

Hapo kwenye wati 36 umenimaliza mkuu. Nilikuwa sijawahi kuiweka hivyo. Na kuongeza kasi kwa mkanda au cheni je? Puli kubwa kwenye mapanga, ndogo kwenye mota. Hata ile mota ya pikipiki yenye 110 kwa volti ukiipa uwiano wa moja kwa nne inashuka hadi 27.

Mpepo

Hesabu yako iko sawa kabisa, na watu wameshafanya. William Kamkwamba wa Malawi, mwaka 2002, alitumia dynamo ya baiskeli, feni ya trekta na fremu ya baiskeli. Gurudumu kubwa la baiskeli likizungusha kichwa kidogo cha dynamo ndiyo gia yenyewe, na taa ziliwaka. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu haiwezekani.

Ninachosema ni kwamba gia ina gharama yake kwenye upepo mdogo. Msuguano wote wa mota, brashi na beringi, ukiupitisha kwenye uwiano wa moja kwa nne, mapanga yanauhisi mara nne. Juu yake kuna msuguano wa mkanda wenyewe. Kwenye upepo wa 3 au 4 m/s, ambao ndio mwingi zaidi kwa wengi wetu, mashine haitaanza hata kuzunguka. Na mkanda unalegea, unateleza ukilowa, unataka kupandiwa juu kila mara. Kama una mota hiyo tu, funga gia. Kama una nafasi ya kuchagua, tafuta mota inayofaa bila gia.

Koili36

Naomba nijazie upande wa mashine za kufulia, maana huko ndiko nilikojikita.

Msikate tamaa na mashine zote za kufulia kwa sababu ya zile zenye brashi. Zipo ambazo ngoma imefungwa moja kwa moja kwenye mota bila mkanda. Fisher & Paykel wa Nyuzilandi ni maarufu kwa hizo, na LG pia wanazo. Ukifungua nyuma utakuta duara pana lenye koili nyingi (zinazojulikana sana zina 36) na bakuli la plastiki lenye sumaku ukingoni. Mota pana yenye ncha nyingi za sumaku ndiyo mota ya mwendo wa polepole. Ndicho tunachokitaka.

Shida yake ni kinyume cha shida ya wengine. Inatoa volti *nyingi mno*. Koili 36 zimegawanywa kwenye mistari mitatu, 12 kila mmoja, zote zimefuatana. Ikizungushwa na upepo mzuri bila mzigo inafika volti za hatari, kwa hiyo msizishike waya zake zikiwa wazi kwa kudhani ni kitu cha volti 12. Dawa yake ni kukata viungo na kuzipanga upya. Badala ya koili 12 kufuatana, unafanya mafungu mawili ya sita, au matatu ya nne, au manne ya tatu, kisha unayaunganisha sambamba. Volti zinashuka kwa kiwango hichohicho, na uwezo wa kubeba ampea unapanda.

Kazi inataka subira. Kila koili ina mwanzo na mwisho, na ukigeuza moja inapingana na wenzake. Mimi huweka alama ya rangi kwenye kila kiungo kabla ya kukata cha kwanza. Waya umepakwa vanishi, ukwangue hadi uone shaba inang'aa ndipo uweke risasi, la sivyo kiungo kitaonekana kimeshika na mita itakuambia vingine.

Kingine: ukizungusha bakuli lile kwa mkono utahisi linakamata na kuachia, kamata-achia. Sumaku zinavutwa na vyuma vya koili. Kwenye upepo mdogo hilo linazuia mapanga kuanza. Wengi hupiga tupa pembe za vyuma vile kidogo ili ziwe mviringo, kukamata kunapungua. Pole pole, maana ukila chuma kupita kiasi unapoteza nguvu.

fundi_beringi

Koili36 heshima kwako. Na zile mota za magurudumu ya hoverboard zinaingia kwenye kundi hili pia. Ni pana, sumaku nyingi, waya tatu nene. Zile waya nyembamba tano ni za sensa, ziacheni.

Za baiskeli za umeme muwe makini. Zilizo ndogo kwa umbo mara nyingi zina gia ndani na klachi ya upande mmoja. Ukizungusha ringi upande wa kwenda mbele mota yenyewe haizunguki kabisa, inateleza tu. Mtu anafunga mapanga, yanazunguka mchana kutwa, hamna umeme. Kubwa zisizo na gia hazina tatizo hilo.

Feni za ukutani, pampu za maji na mota za kompresa za friji kwa kawaida hazina sumaku. Kuna njia ya kapasita na kuna njia ya kuikereza rota na kubandika sumaku, lakini sio pa kuanzia.

Shafti

Nina mota ya mashine ya mazoezi, ile yenye gurudumu zito la chuma mbele. Nimegawa, napata 24. Nimefurahi sana. Je, naweza kufunga mapanga moja kwa moja kwenye gurudumu lile?

fundi_beringi

Unaweza mkuu, ni kitovu kizuri tayari kimesawazishwa. Ila nisikilize hapa, ni jambo dogo linaloangusha mapanga.

Magurudumu mengi ya aina hiyo yamefungwa kwa nyuzi kwenye shafti, kama nati. Yametengenezwa ili mota ikizunguka upande wake wa kawaida yajikaze yenyewe. Lakini kwenye mota shafti ndiyo inayosukuma gurudumu. Kwako gurudumu ndilo litakalosukuma shafti. Nguvu imegeuka. Ukiyafanya mapanga yazunguke upande uleule wa mota, gurudumu linajifungua taratibu, na siku ya upepo mkali linatoka na mapanga yake yote.

Kwa hiyo chonga mapanga yazunguke upande wa kinyume na ule wa mota, halafu usitegemee nyuzi peke yake. Toboa gurudumu na shafti kwa pamoja, piga pini. Mota ya sumaku yenye brashi inatoa umeme upande wowote, ni chanya na hasi tu vinabadilishana, ndiyo maana unapima kwa mita kabla ya kufunga dayodi.

Na uifunike. Mota hizo zimeachwa wazi zipitishe hewa, mvua ikiingia kwenye brashi za kaboni umekwisha. Kipande cha bomba pana kinatosha, acha tundu chini la kutolea maji.

Shafti

Duh. Hili la upande wa nyuzi nisingelifikiria hata kidogo. Asante mkuu.

Na dayodi inafanya nini hasa?

Mpepo

Inazuia betri kuizungusha mota yako kama feni upepo ukitulia. Bila dayodi, usiku wa utulivu betri inamwaga umeme wake kwenye mota na asubuhi unaikuta tupu. Iwe na uwezo wa ampea mara mbili ya unazotegemea, na uibane kwenye bati nene ipoe. Aina ya Schottky inakula volti kidogo zaidi, ni bora ukiipata. Kwa mota za waya tatu huhitaji dayodi hiyo. Zinatumia rekitifaya ya dayodi sita na kazi hiyo imeshafanyika humo.

Ncha_ya_Panga

Wakuu, mimi nauliza mapanga. Kwa nini matatu? Pampu za maji za upepo zina mapanga kumi na nane, ishirini. Mengi si yanakamata upepo mwingi zaidi?

Mpepo

Yanakamata *nguvu ya kusukuma* nyingi zaidi, sio umeme mwingi zaidi. Pampu inataka kuinua maji mazito kuanzia kwenye kusimama, kwa hiyo inataka msukumo mkubwa na mwendo wa taratibu. Ncha zake zinakimbia karibu sawa na upepo wenyewe. Ukiweka mapanga ya namna hiyo kwenye kipenyo cha mita 1.5, upepo wa 5 m/s unakupa RPM 64 tu. Mapanga matatu membamba kwenye upepo uleule yanakupa 382. Mdenmaki Poul la Cour alianza kazi ya umeme wa upepo pale Askov mwaka 1891, na majaribio yake yakaonyesha kwamba kwa kuzalisha umeme mapanga machache yanayokimbia yanashinda mengi yanayojikokota.

Charles Brush kule Cleveland, Marekani, alijenga mwaka 1888 mtambo wa kipenyo cha mita 17 wenye mapanga 144. Ukatoa kilowati 12. Ulifanya kazi kwa miaka mingi, lakini kwa ukubwa ule mashine ya leo yenye mapanga matatu ingeuacha mbali sana.

Kwa mwanzo kata bomba la PVC la milimita 200, ulipasue kwa urefu mara nne, kila robo inakuwa panga la sentimita 70. Upana mkubwa shinani, ukipungua kuelekea nchani. Ukingo unaotangulia uwe mviringo, wa nyuma uwe mkali. Usiende zaidi ya kipenyo cha mita 1.5 kwa plastiki. Kwenye upepo wa 12 m/s ncha inakimbia kilomita kama 260 kwa saa, na jua linafanya PVC iwe kavu na ya kuvunjika. Paka rangi, kagua nyufa shinani. Ukitaka kudumu, chonga mbao.

Kusawazisha msikuruke. Pima umbali kutoka ncha hadi ncha, zote tatu zilingane. Kisha tundika kitovu kwenye ncha ya msumari kikiwa kimelala, uone upande gani unashuka. Mtetemo mdogo kwenye RPM 400 unakula beringi na kulegeza bolti za mnara wote.

MwangaWaNyumbani

Samahani kwa kuuliza kitu cha kijinga labda. Nina chaji kontrola ya sola, kile kifaa cha kusimamia chaji ya betri. Naweza kuunganisha jenereta hiyo hapo?

Koili36

Sio swali la kijinga hata kidogo, ni swali muhimu kuliko yote kwenye uzi huu. Jibu ni HAPANA, na naomba kila anayesoma aelewe sababu.

Betri ikijaa, kontrola ya kawaida ya sola inakata njia. Paneli ikikatiwa njia inakaa tu, haina shida. Mapanga yakikatiwa njia yanakuwa hayana mzigo wa kuyashikilia, yanapanda kasi bila kikomo. Volti zinapanda nazo, zinaichoma kontrola yenyewe, na mapanga yanaweza kupasuka. Inatokea hasa siku ya upepo mzuri, kwa sababu ndiyo siku betri inajaa.

Jenereta ya upepo inataka kontrola ya kumwaga. Betri ikifika volti 14.4, umeme unaelekezwa kwenye mzigo wa pembeni: koili ya kuchemshia maji ya volti 12, au taa kadhaa za mbele za gari. Mapanga yanabaki na kazi wakati wote. Mzigo huo uweze kumeza zaidi ya kiwango cha juu cha mashine yako. Kwa wati 150 kwenye volti 14.4 unataka ukinzani usiozidi om 1.38.

Mpepo

Naunga mkono kwa nguvu zote. Na niongeze swichi ya breki, ambayo iwekwe *kabla* mapanga hayajapandishwa mnarani. Ni swichi nene inayogusanisha waya za mota, ule uzito ulioupima kwa mkono ndio unaoyashikilia. Iwe upande wa mota, kabla ya dayodi, ili ukiifunga isipige shoti betri. Iwe pia kabla ya fyuzi, ili fyuzi ikikatika bado una breki. Fyuzi yenyewe ikae karibu kabisa na chanya ya betri.

Breki hii ifungwe mapema, mawingu yakionekana, sio dhoruba ikiwa imeshafika. Upepo ukiwa mkali mno mapanga yanaweza kuishinda breki, yakaendelea kuzunguka huku koili zinaungua.

Kwa wanaotaka kulala bila wasiwasi, jifunzeni mkia wa kujikunja. Mota inakaa pembeni kidogo ya mhimili wa mnara, mkia unaning'inia kwenye bawaba iliyoinama. Upepo ukizidi, mapanga yanageuka ubavu yenyewe, ukipungua uzito wa mkia unayarudisha. Hakuna umeme wala springi.

Umeme_Mdogo

Mnara je? Mimi nafikiria juu ya paa, kuna nondo tayari.

fundi_beringi

Paa hapana mkuu. Upepo ukigonga nyumba unavurugika, mapanga yanageuka huku na huku bila kupata kasi. Na mtetemo wote unashuka ukutani, hamtalala. Kanuni wanayoifuata wajenzi ni ncha ya chini ya panga iwe juu kwa mita 9 kuliko kitu chochote kilichopo ndani ya mita 150. Wengi hatufiki huko, lakini kila mita unayoongeza inalipa kwa sababu ya ile "mara tatu" ya Mpepo. Bomba la chuma lenye bawaba chini na kamba za waya pande nne, ulisimamishe na kulilaza kutoka ardhini. Usijenge mnara ambao lazima upande.

MwangaWaNyumbani

Na waya kutoka juu? Mnara wangu utakuwa mbali kidogo, kama mita 30 kutoka kwenye betri.

Mpepo

Pima hivi. Mita 30 ni 60 kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba kwa urefu huo una ukinzani wa om 0.41. Ampea 5 zikipita umepoteza volti 2, na hizo ndizo zilizokuwa zinakupa chaji. Waya wa milimita 6 unapoteza kama 0.9. Njia nyingine ni kwenda volti 24: kwa wati zilezile ampea zinakuwa nusu, na wati zinazopotea njiani zinakuwa robo. Ila rudi kwenye hesabu ya kwanza, mota yako sasa inatakiwa ifike volti 27 hivi kwenye RPM 300, yaani karibu 11 kwa volti. Hapo ndipo mashine ya kufulia ya Koili36 inapoing'oa ile ya mazoezi.

Na usisumbuke na ringi za kusugua pale juu, zile za kupitisha umeme huku kichwa cha mashine kikigeuka. Pitisha waya laini katikati ya bomba la mnara, uache ziada, weka plagi chini. Ukikagua ukakuta umejisokota, funga breki, chomoa, usokotoe, rudisha.

MwangaWaNyumbani

Na paneli nilizonazo niachane nazo?

Mpepo

Hapana, usiziache. Kama upepo wako hauvuki 3 m/s, kila unachotaka kutumia kwenye mnara ongeza paneli, utapata zaidi bila kupanda popote. Upepo unalipa pale unapovuma usiku na siku za mawingu. Betri moja inachajiwa na vyote viwili bila shida, paneli na kontrola yake, mapanga na ya kwake. Pima kwanza upepo wako kwa kipimo cha vikombe, pale ambapo mnara utasimama na sio dirishani, kisha ulete namba hapa pamoja na RPM na volti za mota uliyonayo, tuzipige hesabu.